Daftari la Sayyidna Umar na Fedha za Maskini wa Zama Zetu



Katika zama zetu hizi serikali nyingi za nchi zinazoendelea zinagawa fedha taslimu katika nyumba za maskini. Wako wanaoziita fedha za kunusuru kaya, wako wanaoziita pesa za wazee, na wengine huziita ruzuku tu. Na kila zinapogawiwa, barazani husikika maneno mawili. La kwanza: fedha za bure huwafanya watu wavivu. La pili: kama ni lazima wapewe, basi wapewe kwa masharti. Neno la kwanza tutalijibu njiani. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu sharti si jambo dogo. Sharti huingia ndani ya nyumba kabla ya fedha, likakaa na mama na watoto wake, likawaamulia mambo ambayo yule aliyeliweka hakuyafikiri kabisa. Haya nataka kukuonesha kwa historia, tokea Madina mpaka Mexico, na kutoka huko mpaka Bagamoyo na Unguja.

Mwaka wa 20 wa Hijra (641), na wako wasemao kuwa ni mwaka wa 15, Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alianzisha Diwani, yaani daftari la majina ya watu na kima cha kila mmoja. Sababu yake ni mali nyingi iliyoanza kuingia Madina. Abu Huraira alikuja kutoka Bahrain akamwambia kuwa ameleta dirham laki tano. Sayyidna Umar hakusadiki. Akamuuliza kama anajua anachokisema. Abu Huraira akamhesabia laki moja mara tano. Bado hakusadiki, akamwambia kuwa ana usingizi, aende akalale na arudi asubuhi. Asubuhi hesabu ikawa ile ile. Hapo ndipo watu walipokusanywa, wakashauriana namna ya kuigawa mali hiyo, na mmoja wao akasema kuwa amewaona watu wa mataifa mengine wakiandika madaftari na kuwapa watu wao kwa majina. Rai hiyo ikakubaliwa. Wakatiwa kazini watu watatu waliokuwa wajuzi wa nasaba za Makureshi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubeir bin Mut'im. Wakaandika kabila kwa kabila, wakaanzia jamaa zake Mtume (S.A.W.).

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Fedha hizi hazikuwa zaka. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na haina ruhusa mtu kuyaongeza wala kuyapunguza. Hii ilikuwa mali ya Baitulmali iliyotokana na nchi zilizofunguliwa, na kila aliyeandikwa alikuwa na haki ndani yake, tajiri na fakiri. Tofauti hii ikumbuke, tutaihitaji mbele.

Vyakula navyo viliwekewa kima, na wala hakukisia. Aliamrisha jarib moja ya nafaka isagwe, ikandwe, iokwe mikate, kisha akawaita watu thelathini wakala mchana wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo kwa jarib nyingine. Ikiwa jarib mbili zinawatosha watu thelathini kwa siku moja, basi mtu mmoja zitamtosha mwezi mzima. Hicho ndicho kima alichokiweka, kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa mtumwa. Tazama hesabu hiyo ilivyo nyepesi na ilivyo ya haki. Hakwenda kuangalia ghalani kimebaki nini akakigawa; aliangalia kwanza tumbo la mtu linataka nini.

Sasa tuje kwenye sharti. Katika daftari hilo watoto nao waliandikwa, lakini kwa sharti kuwa mtoto awe amekwisha achishwa ziwa. Sharti hili lina maana yake. Mtoto wa ziwa hali chakula cha nyumba. Riziki yake iko kifuani kwa mama yake. Mtunza hazina yeyote, wa zamani au wa leo, angeliona kuwa ni sharti la akili.

Ibn Saad amesimulia yaliyotokea. Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi kwenye uwanja wa kusalia. Sayyidna Umar akamwita Abdurrahman bin Awf, wakaenda kuwalinda watu wale usiku usiwapitie wizi. Wakawa wanalinda na huku wanasali. Sayyidna Umar akasikia mtoto analia, akamwendea mama akamnasihi amche Mungu na amtazame mwanawe. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akasikia kilio kwa mara ya tatu, akaenda akamlaumu mama yule kwa ubaya wa malezi. Mwanamke hakujua kuwa anasema na nani. Akamjibu kuwa amemchosha usiku kucha kwa maneno. Yeye anamwachisha mtoto ziwa na mtoto hataki. Akamuuliza kwa nini. Akasema: kwa sababu Umar hampi kitu mtoto ila aliyekwisha achishwa. Akamuuliza umri wake, naye akamtajia miezi michache tu.

Alfajiri Sayyidna Umar aliwasalisha watu, na kwa kilio alichokuwa nacho watu hawakuweza kusikia vyema anachokisoma. Alipotoa salamu akajilaumu mbele yao kwa watoto wa Kiislamu waliokufa kwa amri yake. Kisha akaamrisha mpiga mbiu atangaze kuwa watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani tokea siku hiyo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ana fungu lake. Akawaandikia hivyo magavana wa kila upande. Kima cha mtoto mchanga kikawa dirham 100, na akikua kikapanda hadi 200.

Nataka usimame hapa kidogo, msomaji. Mama yule hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama mwenye hesabu. Nyumbani hapakuwa na kitu, na mlango wa kupata kitu ulikuwa mmoja, naye akausukuma. Mtoto angeweza kufa, lakini daftari lilitaka hivyo. Na Sayyidna Umar hakupeleka watu wa kuwapeleleza wanawake nani ameachisha kweli na nani anahadaa. Alilifuta sharti. Tokea nilipoisoma kisa hiki kwa mwalimu wangu nilikuwa nikikisomesha kwa ajili ya kilio chake cha alfajiri, kama wasomeshavyo wengi. Siku hizi nakisomesha zaidi kwa ajili ya ile mbiu.

Jambo jingine la kukumbuka ni namna alivyolipa. Imepokewa kuwa alikuwa akilichukua yeye mwenyewe daftari la kabila la Khuzaa mpaka Qudaid, nje ya Madina, na wanawake wote wa kabila lile, walioolewa na wasioolewa, wakimjia hapo, naye akiwapa mkononi mwao. Kisha akienda Usfan akafanya vivyo hivyo. Aliendelea hivyo mpaka alipokufa, mwaka wa 23 wa Hijra (644).

Sikusudii kusema kuwa mambo yote ya leo sisi tulikwisha yafanya zamani. Wako wapendao kusema hivyo, na maneno hayo hayamshibishi mtu. Karne zilizofuata Diwani ilidhoofika ikabaki zaidi kuwa daftari la mishahara ya askari, na maskini wakaachiwa zaka, wakfu na huruma za jirani. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu swali la mama wa Madina limerudi katika zama zetu, na limerudi kwa ukubwa usiopata kuonekana. Basi nifuate mpaka Mexico, kwa kuwa huko ndiko lilikojaribiwa na kupimwa kwa makini, na nchi nyingi zikachukua mfano wake, Tanzania ikiwamo.

Disemba 1994 peso, fedha ya Mexico, ilianguka ghafla, na mwaka 1995 pato la nchi likapungua kwa kadiri ya asilimia 6. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikiwasaidia watu kwa kuteremsha bei ya maziwa na ya tortilla, mkate wa mahindi ambao kwao ni kama ugali au wali kwetu. Lakini bei ikiteremshwa dukani, hufaidika zaidi anunuaye kingi, na msaada huo ulikuwa wa mijini zaidi. Mkulima maskini wa milimani alifikiwa na fungu dogo sana. Santiago Levy, mtaalamu wa uchumi aliyekuwa naibu waziri wa fedha, akamshauri Rais Ernesto Zedillo kuwa fedha hizo zipelekwe moja kwa moja nyumbani kwa maskini. Agosti 1997 ukaanza mpango ulioitwa Progresa, chini ya uongozi wa José Gómez de León, mtaalamu wa hesabu za watu.

Fedha zililipwa kila baada ya miezi miwili, na alipewa mama, si baba. Watoto walilipiwa kuanzia darasa la tatu, na mtoto wa kike aliyefika sekondari alilipiwa zaidi kuliko ndugu yake wa kiume, kwa kuwa wasichana ndio waliokuwa wakiacha masomo zaidi katika daraja hiyo. Masharti yalikuwa mawili makubwa: mtoto ahudhurie shule asilimia 85 ya siku, na mama na watoto waende zahanati kwa miadi. Wachanga wakipewa na unga wa lishe.

Kwa kuwa fedha hazikutosha kuanza kila mahali siku moja, walichagua vijiji 506 vya kupimia, wakapiga kura: 320 vianze mwaka 1998, na 186 vingoje hata kiasi cha mwisho wa mwaka 1999. Kura si jambo geni kwetu, Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri. Kwa kulinganisha vijiji vile na hivi wakapata majibu. Wasichana waliongezeka sekondari, kuliko wavulana. Watoto wadogo waliugua kidogo zaidi na wakakua vizuri zaidi. Nyumba zilinunua chakula zaidi, na kilicho bora, nyama na mboga na matunda. Na ule uvivu unaosemwa barazani ulitafutwa haukuonekana: watu wazima hawakupunguza kazi. Miaka ya baadaye ulitafutwa tena katika mipango saba ya nchi sita, na huko pia haukupatikana. Mwenye kuona maskini akipewa kidogo atalala, nadhani hajapata kulala na njaa. Njaa haimpi mtu nguvu za kulima.

Majibu hayo yaliuokoa mpango wenyewe. Mwaka 2000 chama kilichotawala Mexico kwa miaka 71 kilishindwa katika uchaguzi. Ada ya siasa ni kuwa mgeni anayeingia huvunja ya mwenziwe. Lakini Rais mpya, Vicente Fox, aliukuta mpango una ushahidi mkononi, akauacha uishi, akaupa jina jipya mwaka 2002 na kuupeleka mijini. Ukafikia nyumba milioni tano na zaidi. Ulifungwa mwaka 2019, serikali nyingine ilipoleta njia nyingine.

Ama masharti yake, nayo yalifanya kazi ya sharti. Mwanzoni kijiji hakikuingizwa mpaka kiwe karibu na shule na zahanati. Mantiki yake iko wazi: utamtaka vipi mama aende zahanati, na zahanati hakuna? Lakini vijiji visivyo na shule wala zahanati ndivyo vilivyokuwa na dhiki kuliko vyote, na hivyo ndivyo vilivyoachwa nje kwanza. Ni mtoto wa ziwa yule yule. Tena mzigo wote wa kutimiza masharti uliangukia kwa mama: miadi, foleni, mikutano, na mahali pengine hata kufagia zahanati. Baba hakudaiwa kitu.

Je, bila masharti watu wangewapeleka watoto shule? Swali hili limepimwa katika nchi mbili za Afrika, na majibu yake hayafanani, nami nitakupa yote mawili. Morocco, tokea mwaka 2008, ulijaribiwa mpango ulioitwa Taysir, na ajuaye Kiarabu anajua kuwa maana yake ni kurahisisha. Nyumba za mashamba zilipewa fedha kidogo, zikaambiwa tu kuwa hizi ni za masomo ya watoto. Nyingine ziliwekewa sharti la mahudhurio. Watoto wakaongezeka shule pote pawili, na sharti halikuongeza kitu cha maana. Hata kumpa mama badala ya baba hakukuleta tofauti kubwa. Lilitosha jina la fedha: baba aliambiwa ni za shule, akajua la kufanya.

Malawi, katika wilaya ya Zomba, miaka ya 2008 na 2009, wasichana waligawanywa namna hiyo hiyo. Huko sharti lilisaidia: waliowekewa sharti walibaki shule zaidi kuliko wasiowekewa. Lakini walipotazama ndoa za mapema na mimba, mambo yakageuka. Waliopewa bila sharti ndio waliosalimika zaidi. Kwa nini? Kwa sababu msichana mwenye sharti akiacha shule fedha hukatika siku hiyo hiyo, na nyumba iliyokatikiwa na fedha humtazama binti aliyekaa bure kwa jicho la posa. Asiye na sharti, hata akiacha shule, fungu lake liliendelea kuja, na likampa muda. Kwa hiyo sharti lilimfaa aliyeweza kulitimiza, likamwacha mkono yule aliyeanguka. Mimi sisemi kuwa sharti ni haramu. Nasema kuwa anayeliweka ana wajibu wa kwenda usiku kusikiliza nani analia kwa ajili yake.

Kwetu Tanzania, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Kugawa fedha kwa masharti kulijaribiwa kuanzia mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilipigiwa kura, 40 vikaanza na 40 vikangoja. Watoto wadogo waende kliniki, wakubwa waende shule, na wazee nao wakapimwe mara moja kwa mwaka. Tunayo habari ya yaliyoonekana: nyumba zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, zikanunua kuku na mbuzi, watoto wadogo wakapungua kuugua, na watoto wakavaa viatu. Usivicheke viatu. Mtoto anayekwenda pekupeku kwenye ardhi yenye minyoo hubeba ugonjwa ndani ya damu yake, akalala darasani, mwalimu akamwita mzito. Nimewaona wengi chuoni kwangu.

Baadaye mpango huo ulienea nchi nzima, Unguja na Pemba zikiwamo, ukazifikia kaya zaidi ya milioni moja. Majina ya walengwa yalianza kutajwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, kwani wao ndio wajuao nani hana. Ni njia nzuri, na ni bora kuliko jina kuandikwa na karani ambaye hajapata kuingia uchochoroni. Lakini sisi watu wa pwani tunajijua. Ziko nyumba zetu ambazo mlango umechongwa na ukumbi umefagiwa, na jikoni hakukuwashwa moto tokea jana. Mwenye nyumba hiyo, ajuza mjane pengine, hatasimama mbele ya mkutano asemwe kuwa ni maskini. Mikono ikinyoshwa atasema Alhamdulillahi, yeye anajiweza. Mwenyezi Mungu amewataja watu wa namna hii katika Sura ya Baqara, ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa kujizuia kwao. Hakuna daftari lililo gumu kama la watu hawa, maana sharti la kuwa maskini hadharani ni zito kwao kuliko njaa.

Kwa hiyo mimi nauona kwa jicho la pekee mpango ulioanzishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Aprili 2016, unaoitwa Pensheni Jamii. Fedha zake zimetoka katika mfuko wa serikali yenyewe. Kima chake kilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, nacho kimeongezwa baadaye. Hauulizi kama una mtoto Muscat anayekuletea, wala kama nyumba ni ya bati au ya makuti, wala kama uliwahi kuajiriwa. Unauliza kama umetimiza miaka 70. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko kwa mwezi.

Wako wanaolalamika kuwa fedha hizi hupewa hata wasiozihitaji, na hesabu yao ni ya kweli. Ndiyo maana nilikuomba uikumbuke ile tofauti ya zaka na Diwani. Zaka haimfai tajiri. Lakini katika daftari la Sayyidna Umar, Abdurrahman bin Awf, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina, aliandikwa pamoja na wasio na kitu. Na siku ya malipo ya Pensheni Jamii, katika foleni ya wazee, bwana aliyekuwa na duka mjini hukaa benchi moja na mvuvi aliyeuza ngalawa yake, na ajuza wa mlango wa kuchonga yupo baina yao, na buibui lake limepigwa pasi. Likiitwa jina lake huinuka, akachukua haki yake, akarudi nyumbani kupitia sokoni.